Mbolea Hulisha Mahindi, Udongo Nao Unakula Nini?

Kabete, nje kidogo ya Nairobi, kuna shamba la majaribio lililoanzishwa mwaka 1976. Masika hupandwa mahindi, vuli maharage. Vipande vingine havipewi kitu, vingine hupewa mbolea ya dukani peke yake, vingine samadi, vingine vyote viwili. Kwingine mabua hubaki shambani, kwingine huondolewa. Mkulima anayejiuliza mbona mfuko uleule wa mbolea hauzai kama zamani, atapata jibu lake pale.

Mbolea ya dukani pekee ilianza kwa mavuno mazuri, kisha yakashuka kadiri miaka ilivyopita. Palipochanganywa samadi na mbolea ndipo palipostahimili zaidi. Na baada ya miaka 18, kaboni ya udongo ilikutwa imepungua kila mahali, hata penye samadi, mbolea na mabua kwa pamoja, ingawa hapo ndipo ilipopungua kidogo kuliko kwingine. Jambo hilo hunitia wasiwasi: ilichojenga miti na majani kwa karne nyingi, jembe hukipunguza katika muda wa mtoto kukua.

Kaboni hiyo ni ule weusi wa udongo, mabaki ya mimea na wanyama yaliyooza. Hushika maji na virutubisho, tena ndiyo chakula cha bakteria, kuvu na minyoo. Wakikosa chakula hupungua, na wakipungua, nani ataozesha mabua ili naitrojeni iliyomo ifikie mizizi?

Kuna na tindikali. Mbolea za urea na DAP huongeza tindikali bakteria wanapozigeuza kuwa naitreti. pH ni kipimo chake: ikishuka, tindikali imezidi. Ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi, na fosforasi uliyoinunua kwa bei ghali hunaswa udongoni. Hapo mfuko wa pili hausaidii. Kinachotakiwa ni chokaa ya kilimo.

Hata hivyo usiiache mbolea ya dukani. Mahindi yaliyoshiba huacha mizizi na mabua mengi, na hayo ni kaboni. Iandamane tu na samadi. Kimojawapo cha viwango vya Kabete ni tani 5 kwa hekta, yaani nusu kilo kwa kila mita ya mraba. Ukiwa na kidogo, weka kwenye mashimo ya kupandia. Rundo la samadi lifunike, liwe kivulini, kwa kuwa mvua huiosha naitrojeni na jua huipeperusha.

Mabua ng'ombe nao wanayataka, na simlaumu mfugaji. Kinachoingia zizini kirudi shambani kikiwa samadi. Mabua usiyachome. Ukiyafukia, yafukie mara tu baada ya kuvuna. Ukingoja hadi kupanda, vijidudu hunyakua naitrojeni ya kuyaozeshea, na mahindi machanga hugeuka manjano.

Kabla ya kununua chokaa, pima udongo. Chota sehemu 15 hadi 20 za shamba, kina cha sentimita 20, ukikwepa vichuguu na palipokuwa zizi. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, anika kivulini, peleka nusu kilo maabara. Rudia baada ya miaka 3 au 4, msimu uleule, na majibu ya zamani yatunze uyaweke kando ya mapya.