Filbert Bayi, Mkimbiaji Aliyetangulia

Mtu akitoka katika soko la Kariakoo, mjini Dar es Salaam, akaishika barabara ya Morogoro kuelekea machweo ya jua, huvuka bonde la Jangwani, hupita Magomeni, Manzese na Ubungo, hata akafika Kimara. Huko Kimara imejengwa shule inayoitwa kwa jina la mtu, nalo ni Filbert Bayi. Mtu huyo hakupata sifa kwa vita wala kwa biashara, bali kwa miguu yake. Habari zake ni hizi.

Filbert Bayi alizaliwa mwaka 1953 huko Karatu, katika nchi ya milima upande wa Arusha. Mwaka 1972 alipelekwa Munich, Ujerumani, kushindana katika Michezo ya Olimpiki. Alishindwa mapema, wala hakufika katika mbio za mwisho. Lakini hakukata tamaa. Mwaka uliofuata, katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Lagos, alikimbia mita 1500 pamoja na Kipchoge Keino wa Kenya, ambaye alikuwa bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1968. Kijana wa miaka 19 alimshinda bingwa.

Desturi ya wakimbiaji wengi wa mbio hizo ilikuwa kujificha nyuma ya wenzao. Aliye nyuma hukingwa upepo, naye huweka akiba ya nguvu zake mpaka mwisho, ndipo achomoke. Bayi hakufuata desturi hiyo. Yeye alitangulia tangu mwanzo, akakimbia kwa kasi, akawaacha wenzake mbali. Watu wengi walimwona mjinga, maana wahenga wamesema, "Mbio za sakafuni huishia ukingoni." Lakini kutangulia kuna faida yake. Mtu aingiaye Kariakoo siku ya kuamkia sikukuu husukumwa huku na huku, akaenda kwa mwendo wa umati, si kwa mwendo wake. Kadhalika mkimbiaji aliye katikati ya kundi. Bali aliye mbele njia yake ni nyeupe, na mwendo ni wake mwenyewe.

Tarehe 2 Februari 1974, katika mji wa Christchurch, New Zealand, ilifanyika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mita 1500 ni mizunguko mitatu ya uwanja na robo tatu. Mara tu bastola ilipolia, Bayi alitangulia. Watazamaji walingoja achoke, wasione akichoka. Katika hatua za mwisho John Walker, mwenyeji wa nchi ile, alimkaribia sana, lakini hakumpata. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akaivunja rekodi ya dunia iliyowekwa na Jim Ryun wa Marekani mwaka 1967. Walker naye, ingawa alikuwa wa pili, alikimbia upesi kuliko rekodi ile ya zamani. Hivyo aliyetangulia aliwavuta hata waliomfuata.

Tarehe 17 Mei 1975, huko Kingston, Jamaica, Bayi alikimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0, akavunja rekodi nyingine ya Ryun. Mwaka huo huo ndipo lilipofunguliwa jengo kubwa la soko la Kariakoo. Lakini sifa za dunia hazikai mahali pamoja. Kabla ya miezi mitatu kutimia, Walker aliivunja rekodi ile ya maili.

Sasa watu wa nchi nyingi walitamani kuwaona wawili hao wakishindana katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1976, huko Montreal, Kanada. Hawakuwaona. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, ambako serikali ya wakati ule iliwadhulumu watu weusi. Nchi nyingi za Afrika, na Tanzania mojawapo, zilikataa kushiriki kwa kuwa New Zealand haikuzuiwa. Walker alishinda kwa dakika 3 na sekunde 39.17. Bayi, aliyekuwa amekimbia upesi kuliko hivyo, hakuwako uwanjani. Ilikuwa gharama kubwa kwa mtu mmoja, nayo ililipwa kwa ajili ya haki ya wengi.

Mwaka 1980, huko Moscow, Bayi alishindana katika mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Akatangulia kama desturi yake, akawaacha wenzake mbali. Safari hii nguvu zilimpungukia katika mzunguko wa mwisho, naye Bronisław Malinowski wa Poland akampita. Bayi akawa wa pili, akapewa medali ya fedha. Suleiman Nyambui naye alipata medali ya fedha katika mita 5000. Hizo ndizo medali za kwanza za Olimpiki ambazo Tanzania ilipata.

Alipoacha mashindano, Bayi hakuketi akihesabu medali zake. Alifanya kazi katika Kamati ya Olimpiki ya Tanzania, akaanzisha shule Kimara, na nyingine Mkuza, karibu na Kibaha. Rekodi zake zote mbili zimekwisha kuvunjwa na wengine. Bali mtoto aliyejifunza kusoma katika shule ile hawezi kunyang'anywa elimu yake na mkimbiaji yeyote. Atanguliaye kwa kweli ni yule aachaye njia nyuma yake, ili wengine wapite.

Maswali
1. Kwa nini wakimbiaji wengi hupenda kukaa nyuma ya wenzao?
2. Ni jambo gani lililomzuia Bayi asikimbie Montreal?
3. Eleza jinsi kutangulia kulivyomfaa Bayi huko Christchurch, na jinsi kulivyomponza huko Moscow.
4. Je, mithali ya mbio za sakafuni ni kweli kwa Bayi? Toa sababu zako.