Futi, Gorogoro na Hekta: Msamiati wa Vipimo katika Mitaa ya Eastlands

Makala haya yanachunguza jinsi wasemaji wa Kiswahili katika mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, wanavyotumia mifumo miwili ya vipimo kwa wakati mmoja: ule wa meta, uliowekwa kisheria nchini Ufaransa mwaka 1795 na ambao ndio unaofundishwa shuleni, na ule wa Kiingereza uliorithiwa kutoka kwa wakoloni.

Ikumbukwe kuwa Kiswahili kilikuwa na vipimo vyake. Shubiri mbili zilifanya dhiraa, dhiraa mbili wari, na wari mbili pima. Vibaba vinne vilifanya pishi. Hivyo mfumo wa Kiingereza ulipata pa kukaa: yadi ilikaribiana na wari, pauni ikaitwa ratili, na aunsi ikaitwa wakia. Mfumo wa meta, unaogawanyika kwa kumi kumi, haukupata mwenziwe; mita, lita na kilo ziliingia na majina yake ya kigeni.

Katika soko la Gikomba, fundi huagiza mbao za "mbili kwa nne" bila hata kutaja inchi, na urefu wake hupimwa kwa futi. Fundi huyo huyo huagiza chuma cha milimita 12, wala haoni mgongano wowote. Huko Kayole, mahindi huuzwa kwa gorogoro, yaani mkebe wa kilo 2 wa mafuta ya kupikia. Jina la chombo limegeuka kipimo, kama ilivyokuwa kwa debe la mafuta ya taa lililobeba galoni 4, takriban lita 18. Hata hivyo, mkebe uliobonyezwa kitako bado huitwa gorogoro, na neno lisilobadilika humpunja mnunuzi kimyakimya.

Utata mkubwa zaidi umo katika ardhi. Ploti ya futi 50 kwa 100 hujulikana kama "hamsini kwa mia", na aghalabu husemwa kuwa ni thumuni ya ekari. (Thumuni, kwa mkazi wa Nairobi, ni kwanza sarafu ya senti 50.) Ekari moja ina futi za mraba 43,560; thumuni yake ni 5,445. Ploti hiyo ina 5,000 tu. Hati ya kumiliki ardhi nayo huandikwa kwa hekta: badala ya 0.0506, mnunuzi hukuta 0.0465, tarakimu asizoweza kuzilinganisha na hatua alizozipiga shambani. Pengo hilo la futi za mraba 445 hueleweka upesi likitafsiriwa kwa kipimo anachokijua kila mpangaji wa Dandora au Kariobangi, yaani chumba cha "kumi kwa kumi": ni vyumba vinne, na nafasi kidogo ya mlango.