Mbwa wa kuwinda na kuku wa nyumbani

Swali: Daktari, niko Bungoma. Nataka kumchukua mbwa wa kuwinda aliyeokolewa huko Kitale. Nina kuku. Atatulia?

Jibu: Atatulia, ila wiki za mwanzo asikaribie kuku bila kamba. Mtazame: akikodoa macho, akakaza shingo na kuinua mguu mmoja, yuko karibu kuchomoka. Mwite hapo hapo, umpe kipande cha utumbo uliochemshwa. Mtembeze alfajiri na jioni. Kumfungia kutwa nzima ni kumtesa. Kabla ya yote, apate chanjo ya kichaa cha mbwa, irudiwe kila mwaka, pamoja na dawa ya minyoo. Nakusihi, usimpeleke Mlima Elgon kuwinda. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977.