Gatumba: siku moja kati ya Mto Rusizi na Ziwa Tanganyika

Wasafiri wengi huiona Gatumba kupitia dirisha la gari. Wako njiani kwenda Uvira, nchini Kongo, akili yote iko kwenye foleni ya mpakani, na mji unapita hivi hivi. Nawasihi washuke. Gatumba iko kilomita 15 hivi magharibi ya katikati ya Bujumbura, pale Rusizi inapomwaga maji yake ziwani. Anayetamani siku ya ufukweni hahitaji kuota miji ya bahari ya Mediterania: mchanga upo, samaki wa kuchoma wapo, milima ipo mbele ya macho, na viboko ni majirani.

Anza na mto

Mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Rusizi, upande wa delta, uko kando ya barabara hiyo hiyo ya Gatumba. Fika asubuhi na mapema, lipa kiingilio, chukua mwongozaji, na mkubaliane bei ya boti kabla ya kupanda. Saa hizo viboko wamesharudi majini baada ya kula majani usiku kucha. Kwanza utaona masikio yakitikisa maji, halafu pua, kisha migongo mitano au sita kwa pamoja. Boti ikifika hapo, nyamaza na umwachie nahodha aamue umbali. Mamba nao huota jua kwenye kingo. Ni kwenye maji haya alikovuma Gustave, mamba mkubwa aliyesakwa kwa miaka na Mfaransa Patrice Faye.

Wapenda ndege wabebe darubini. Mnandi, mdiria na yangeyange huonekana kwenye mafunjo na matete, na tangu 2002 delta hii imo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Ukifika mdomoni mwa mto, tazama maji yanaelekea wapi. Novemba 1871, wavumbuzi Livingstone na Stanley walipiga makasia kutoka Ujiji hadi huku kutafuta jibu la swali hilo, kwa kuwa wapo waliodhani Rusizi hutoka Tanganyika kwenda kulisha Mto Nile. Wakakuta Rusizi inaingia ziwani. Wenyeji walikuwa wanalijua hilo zamani, na mwaka 1858 walikuwa wamekwisha kuwaambia wavumbuzi Burton na Speke huko Uvira.

Mchana, ufukweni

Rudi upande wa Bujumbura ufuate fukwe za Kajaga na Saga. Jumapili huwa na familia, mpira na muziki. Anayetaka utulivu aje katikati ya wiki. Usiogelee karibu na mdomo wa mto hata kama maji yanaonekana kulala. Kwingine, waulize kwanza wenyeji wa ufukwe huo, na fuata jibu lao. Usiku usitembee mchangani, maana viboko hutoka kula, na kiboko aliyezibiwa njia ya kurudi majini ni hatari kuliko mamba.

Jioni kaa ukitazama magharibi. Jua huzama nyuma ya milima ya Uvira mapema kuliko unavyotarajia, lakini mwanga hubaki angani kwa muda mrefu. Giza likiingia na mwezi haupo, taa za wavuvi wa ndagala huwaka moja moja ziwani. Samaki hao hufuata mwanga, ndiyo maana mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi hupumzika.

Sahani ya hapa

Agiza mukeke, samaki ambaye watu wa Kigoma humwita mgebuka. Hupasuliwa, hupakwa chumvi na ndimu, huchomwa juu ya mkaa mpaka ngozi ikakamae, kisha huletwa na vitunguu, pilipili na ndizi za kukaanga. Agiza mapema, kwani samaki mzuri haharakishwi. Mkiwa wengi, ongezeni ndagala wa mawese, ugali na sombe. Wa kubeba nyumbani, chagua ndagala waliokaushwa juu ya vichanja: wanang'aa, wamekauka sawasawa, na hawana mchanga.

Mji wenyewe

Tembea sokoni. Kirundi na Kiswahili husikika kibanda kwa kibanda, na baiskeli zilizosheheni mizigo hupishana njia nzima. Salimia kwa "Amahoro", mwite mkubwa wako mzee au mama, na mlango utafunguka.

Ujue pia yaliyoupata mji huu. Tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi wa Kikongo zaidi ya 150, wengi wao Wabanyamulenge, waliuawa kambini hapa. Ukitaka kufika kwenye makaburi yao, omba ruhusa na usipige picha ovyo. Kisha tangu 2020 ziwa na mto vimefurika mara kwa mara, na familia nyingi zimehama. Nyumba iliyoachwa majini usiifanye mandhari ya picha yako.

Kabla ya kuondoka

- Njoo kati ya Juni na Septemba, wakati wa kiangazi. Msimu wa mvua, ulizia hali ya barabara.
- Beba pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Jikinge na malaria.
- Magari hupita kulia, na saa ziko nyuma kwa saa moja ukilinganisha na Dar es Salaam na Nairobi.
- Mafuta ya gari huweza kuadimika. Kubaliana na dereva safari ya kwenda na kurudi.
- Usipige picha za daraja, mpaka wala askari.
- Mpaka wa Uvira hufungwa na kufunguliwa kulingana na usalama wa Kongo Mashariki. Ulizia siku moja kabla, na usijenge safari yako yote juu ya kuvuka.

Tenga siku nzima kwa ajili ya Gatumba. Wapiga makasia, wachoma samaki na akina mama wa ndagala wamepoteza mengi kwa mafuriko, na fedha ya mgeni inayoishia mikononi mwao inawasaidia kusimama tena. Kula kwao, panda boti zao, lipa bei ya haki.