Baada ya Kiharusi: Tiba ya Viungo Inaendelea Nyumbani

Mgonjwa wa kiharusi akiruhusiwa kwenda nyumbani, safari ya kupona ndiyo kwanza imeanza. Kwa familia ya Kabazi, kumfikisha kliniki ya tiba ya viungo mjini Nakuru kila mara huhitaji nauli, mtu wa kumshika na siku nzima bila kazi. Baadhi hukata tamaa, mgonjwa akabaki kitandani hadi viungo vikakakamaa. Hali hii inaweza kuzuiwa.

Kwa nini mazoezi?

Kiharusi hutokea damu inapozuiwa kufika sehemu ya ubongo, au mshipa wa ubongo unapopasuka. Mkono uliolegea haukuumia wenyewe. Kilichopotea ni amri kutoka ubongoni. Ubongo unaweza kujifunza upya kwa kurudia kitendo kilekile mara nyingi, kila siku. Ziara ya kliniki pekee haitoshi.

Mambo ya kuzingatia

1. Mtaalamu wa tiba ya viungo ampime mgonjwa kwanza na kuifundisha familia mazoezi yanayomfaa.

2. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi, asipate vidonda. Mkono dhaifu uwekwe juu ya mto.

3. Usimwinue kwa kumvuta mkono dhaifu. Bega huteguka kwa urahisi.

4. Anayeweza kuketi afanye zoezi la kusimama: kiti imara kiegemezwe ukutani, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, ainame mbele, asimame, kisha aketi polepole. Msaidizi akae upande dhaifu.

5. Kazi za nyumbani ni mazoezi: kuchambua maharagwe, kupukuchua mahindi, kukunja nguo. Mwache afunge vifungo vyake hata akichelewa. Kumfanyia kila kitu ni kumnyima nafasi ya kupona.

6. Ale akiwa ameketi wima, asipaliwe.

Tahadhari

Simamisha zoezi akipata kizunguzungu, maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Uso ukipinda, mkono ukilegea ghafla au maneno yakivurugika, mkimbize hospitalini papo hapo, usingoje kuche.

Dawa za shinikizo la damu zisikatizwe bila ushauri wa daktari, hata anapojihisi nafuu, kwani kiharusi kinaweza kurudi. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako anaweza kumpima presha nyumbani na kumwelekeza kituo cha afya kilicho karibu. Mwite mapema.