Kore Ipi Ibebe Ndege? Vidokezo kwa Marubani wa Mezani wa Mpanda

Kurusha ndege ya kwenye kompyuta kutoka Mpanda, ukazunguka Ziwa Chada na kurudi, hakudai nauli, leseni wala daktari wa kupima macho. Kunadai kompyuta isiyogugumia. Hapo ndipo kijana wa Makanyagio au Nsemulwa mwenye laptopu ya mtumba anapopata taabu: ndege inakata kona, picha inaganda, na ikizinduka pua imeshaelekea miomboni. Akiuliza, anaambiwa "gawa kore". Ushauri huo ni wa kweli, ila nusu. Kuipangia simuleta kore za prosesa hakuiongezei mashine nguvu isiyokuwa nayo. Kunapunguza mikwamo, tena pale tu ambapo mkwamo unatoka kwenye prosesa. Kwa hiyo tuanze na uchunguzi kabla ya dawa.

1. Ruka Dar, kisha ruka Mpanda

Sisi wa Katavi tuna kipimo cha bure ambacho mtu wa mjini mkubwa hakifikirii: pori letu. Chukua ndege ndogo, tuseme Cessna 172, anga safi, saa sita mchana. Paa kwanza kutoka Uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, uzunguke juu ya Kariakoo. Andika fremu kwa sekunde unazopata. Kisha ndege ileile, saa ileile, hali ya hewa ileile, paa kutoka Mpanda uelekee kusini hadi Sitalike.

Dar ina majengo mengi, magari barabarani, na ndege nyingine ambazo simuleta inazibuni na kuziongoza yenyewe. Hayo yote yanapigiwa hesabu na prosesa kabla kadi ya picha haijachora chochote. Ukishaipita Mpanda mjini, kuna miti, nyasi na mto Katuma. Basi soma majibu hivi: fremu zikiwa nzuri Mpanda na mbovu Dar, prosesa ndiyo inayolemewa, na vidokezo vinavyofuata vinakuhusu. Zikiwa mbovu kotekote kwa kiasi kilekile, mgonjwa huenda ni kadi ya picha.

Kuthibitisha, shusha ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Fremu zikipanda sana, ni kadi ya picha. Zisipotikisika, ni prosesa. Laptopu nyingi za ofisini zinazouzwa mtumba, zile ThinkPad, Latitude na EliteBook, zinategemea kadi ya picha iliyomo ndani ya prosesa yenyewe, na mara nyingi hiyo ndiyo inayochoka kwanza. Kama ni yako, usihangaike na kore. Punguza vivuli, mawingu na maji, uendelee na safari.

2. Usidanganywe na asilimia ya jumla

Fungua Task Manager wakati simuleta inaendelea. Utakuta prosesa inatumika asilimia 30 hivi, useme, "mbona imelala?" Haijalala. Kwenye ukurasa wa "Performance", bofya grafu kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague "Logical processors" ili kila kore ionyeshwe peke yake. Aghalabu utaona moja imegonga dari na nyingine zinapiga soga.

Simuleta zina mlolongo mmoja mkuu wa kazi: mwendo wa ndege, mitambo yake, saa za mbele ya rubani, na kuiambia kadi ya picha ichore nini. Mlolongo huo hukaa kwenye kore moja kwa wakati mmoja. Kore nyingine ni saidia fundi. Ukiongeza vibarua kumi wa kubeba zege, fundi wa kupanga tofali bado ni yule mmoja na mikono yake ni ileile miwili. Unachoweza kufanya ni kuhakikisha hakuna anayemkatisha. Kugawa kore ndiyo kazi hiyo.

3. Jifunze hesabu ya kinyago cha kore

Hapa tukae kidogo, maana ndipo watu wanaponakili namba wasizozijua.

Flight Simulator X, yaani FSX ya mwaka 2006, bado inapendwa kwa sababu inakubali mashine za kawaida. Ilipotoka haikujua kuzitumia kore nyingi vizuri. Sasisho la kwanza, SP1 la mwaka 2007, ndilo lililoiwezesha kuzipa kore nyingine kazi ya kupakia sura ya ardhi. Toleo la Steam linakuja nalo tayari. Kwenye faili la fsx.cfg unaongeza mistari miwili: wa kwanza [JOBSCHEDULER], wa pili AffinityMask= ikifuatwa na namba.

Namba hiyo, ndiyo kinyago cha kore, haitoki mbinguni. Windows inazihesabu kore kuanzia 0. Kore 0 ina thamani ya 1, kore 1 ina 2, kore 2 ina 4, kore 3 ina 8, na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili. Jumlisha thamani za kore unazotaka simuleta izitumie. Una kore nne na unataka ya 0 ibaki kwa ajili ya Windows na shughuli zake? 2 + 4 + 8 = 14. Ndiyo maana 14 ni maarufu kuliko namba zote katika mambo haya.

Lakini prosesa nyingi za Intel hufanya kore moja ijitokeze kama mbili. Mashine ya kore nne halisi, kwa mfano yenye i5-8350U, inaonyesha nane. Namba 0 na 1 ni kore halisi moja, 2 na 3 ni nyingine, na kadhalika. Ukiandika 14 kwenye mashine hiyo umechagua namba 1, 2 na 3, yaani kore halisi mbili tu, na mojawapo ni ileile uliyotaka kuiachia Windows. Anza badala yake na 84, ambayo ni 4 + 16 + 64: nafasi moja moja kwenye kore halisi ya pili, ya tatu na ya nne. Ukitaka kuihusisha na ile ya kwanza, ongeza 1 upate 85. Jaribu zote mbili kwa safari ya Dar, na jaribu pia bila mstari wowote. Iliyo laini zaidi machoni ndiyo yako, hata kama jirani anaapa kwa nyingine.

4. Ukiwa na kore mbili, iache Windows igawe

Laptopu yenye i5-6300U inaonyesha nne, ila halisi ni mbili. Ukiinyima simuleta mojawapo, umeikata mguu. Rukia kidokezo cha 7.

5. Jaribu kwa muda kabla ya kuweka moja kwa moja

Hata kwa simuleta isiyo na faili la kuhariri, unaweza kujaribu bila kuharibu kitu. Iwashe, iache ipakie mpaka uko uwanjani. Fungua Task Manager, nenda "Details", bofya jina la programu kwa kitufe cha kulia, chagua "Set affinity", uondoe tiki kwenye CPU 0 na, kama kore zinajitokeza mbili mbili, pia kwenye CPU 1. Bonyeza OK, ruka. Ukifunga simuleta, mpango huo unafutika wenyewe, kwa hiyo hakuna la kuogopa.

Ukipenda matokeo, tengeneza njia ya mkato inayotumia amri ya start pamoja na /affinity. Angalia mtego mmoja: amri hiyo inataka namba kwa mfumo wa tarakimu 16, si wa kawaida. 14 inaandikwa E, na 84 inaandikwa 54. Wengi huandika 14 kavukavu, Windows ikasoma 20, halafu wanalaumu simuleta. Simuleta zilizonunuliwa kwenye duka la Microsoft haziwashwi kwa njia ya mkato ya namna hiyo. Kwa hizo watu hutumia programu ya Process Lasso, ambayo hukumbuka mpango wako kila unapowasha.

Anayetumia Linux na FlightGear ana raha zaidi. Andika taskset -c 1-3 fgfs, na ndege iko kwenye kore 1 hadi 3. FlightGear ni ya bure kabisa, mradi wake ulianza miaka ya 1990, na kwa maoni yangu ndiyo mahali pa kuanzia kwa mwenye mashine dhaifu na mfuko mwepesi.

6. Prosesa mpya zina kore za tabaka mbili

Tangu kizazi cha 12, mwaka 2021, prosesa nyingi za Intel zimechanganya kore zenye nguvu na kore za kubana umeme. Mlolongo mkuu ukitupwa kwenye kore ya kubana umeme, utauona mkwamo. Windows 11 huzipanga vizuri kwa kawaida, kwa hiyo ingilia kati tu kama umeona tatizo kwa macho yako. Na hesabu kabla hujakata: i7-12700 ina kore nane zenye nguvu, unaweza kuifungia simuleta humo. i5-1235U ya kwenye laptopu inazo mbili tu pamoja na nane ndogo. Ukiifungia kwenye hizo mbili umerudi kwenye kidokezo cha 4.

7. Ondoa wanaokula bila kufanya kazi

Kivinjari chenye kurasa ishirini, WhatsApp ya mezani, muziki, na antivairasi inayokagua kila faili la mandhari linalofunguliwa. Funga hivyo vyote. Iambie antivairasi isikague folda ya simuleta. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi, weka mtandao wako kuwa wa kulipia kwa kipimo, ili Windows isianze kupakua masasisho ukiwa futi 500 unakaribia kutua. Kwa mashine nyingi za mtumba hatua hii moja inashinda hesabu zote za kinyago.

8. Joto na umeme vina sauti kuliko kore

Septemba na Oktoba Mpanda haina utani. Laptopu iliyokusanya vumbi la kiangazi hupanda joto dakika chache baada ya kupaa, na prosesa ikiona hatari inapunguza kasi yenyewe. Dalili yake ni hii: robo saa ya kwanza ndege inateleza, kisha kila kitu kinakuwa kizito, na ukipumzisha mashine nafuu inarudi. Hapo hakuna namba ya kinyago itakayosaidia. Mpelekee fundi aipulize feni na kubadilisha pasta ya joto juu ya prosesa, uinyanyue nyuma kwa vitabu viwili, usirushe ukiwa umeiweka kitandani.

Usirushe kwa betri pia. Laptopu ikiwa kwenye betri mara nyingi hubana kasi ya prosesa na kadi ya picha, hata ukichagua mpango wa nguvu wa juu. Mpanda iliishi miaka mingi kwa umeme wa majenereta ya dizeli, mbali na Gridi ya Taifa, na mwenye kompyuta ya mezani hapa hahitaji kuhubiriwa habari za stabilaiza na UPS.

9. Mkwamo mwingine ni wa bando

Microsoft Flight Simulator ya mwaka 2020 huvuta picha za ardhi kutoka intaneti wakati unaruka, na ile ya 2024 inategemea mtandao zaidi. Picha ikichelewa, ardhi inakuwa ukungu wa rangi. Hilo si kosa la kore yoyote. Katika toleo la 2020 unaweza kuzima data za mtandaoni ukaruka na ardhi ya kubuni, au kupakua eneo mapema wakati bando ni la bei nafuu. Lakini kumbuka kima cha chini walichotaja watengenezaji: prosesa kama i5-4460, RAM ya GB 8, nafasi ya GB 150. Chini ya hapo, baki na FSX au FlightGear bila aibu.

10. Funga fremu

Weka kikomo cha 30, au hata 25 kwa mashine kongwe. Macho huvumilia 25 zisizoyumba kuliko 50 zinazoanguka hadi 12 kila ukigeuka. Kikomo pia kinaipa prosesa pumzi ya kupakia ardhi iliyo mbele, na joto linashuka.

11. Ukibadilisha mashine, futa namba ya zamani

Watu huhamisha fsx.cfg pamoja na ndege zao zote kwenye diski ya nje. Kinyago cha 14 kilichofaa kore nne, kikiwekwa kwenye prosesa ya kore sita, kinaziacha kore 4 na 5 zikae bure pamoja na ile ya 0. Futa mstari wa AffinityMask, ruka Dar, ruka Mpanda, kisha ndipo upige hesabu upya.