Kubadilisha Kifyatulio cha Ruger 10/22 Nyumbani

Ruger 10/22 imetengenezwa Marekani tangu 1964, na wengi wetu hapa tulijifunzia shabaha kwayo. Kasoro yake ni kifyatulio. Cha kiwandani huhitaji nguvu ya takriban kilo 2.7 kukivuta, ilhali bunduki nzima ina kilo 2.3 hivi. Kabla risasi haijatoka, mtutu umeshayumba.

Wapo wanaopiga msasa jino linaloshika nyundo ili liachie upesi. Mimi sifanyi hivyo, wala sikushauri. Ugumu wa chuma hicho mara nyingi uko juujuu tu. Ukiuondoa, jino huchakaa na bunduki yaweza kufyatuka kwa kugongwa. Nilinunua BX-Trigger ya Ruger wenyewe, mtambo kamili unaovutwa kwa kilo 1.1 hadi 1.4.

Kwanza, peleka risasi zote chumba kingine. Toa magazini, vuta bolti nyuma, angalia chemba, kisha ipapase kwa kidole.

Fungua skrubu iliyo mbele ya tundu la magazini. Kama kuna pete inayofunga mtutu, ilegeze. Weka kitufe cha usalama katikati, la sivyo mbao ya kitako haitaachia. Inua bunduki itoke kwenye mbao, kuanzia upande wa mtutu.

Sukuma pini mbili zinazopita ubavuni, na mtambo utashuka wenyewe. Ile pini nene ya nyuma, inayozuia bolti, hudondoka kirahisi. Iweke bakulini pamoja na nyingine. Usiache nyundo ipige ukiwa umeutoa mtambo. Pachika mtambo mpya nyundo ikiwa imekokiwa, kisha rudisha pini zote, mbao na skrubu.

Sasa jaribu bila risasi. Koki, funga usalama, vuta: nyundo isianguke. Fungua, vuta: ianguke. Ukiwa bado umeshikilia kifyatulio, vuta bolti na uiachie. Ukilegeza kidole usikie mlio mdogo wa kifyatulio kurudi. Mwisho, koki na ugonge kitako kwa kiganja mara kadhaa. Nyundo ikianguka, bunduki hiyo ni ya kwenda kwa fundi.

Angalia sheria ya jimbo lako kabla ya kununua chochote. Na kwa ndugu wa Tanzania na Kenya, kazi hii mwachieni fundi wa silaha mwenye leseni. Kifyatulio laini hakina maana kama hukiamini kinapokuwa kimefungwa.